Pini Midomoni

Ukipeleka kitambaa kwa Mama Pini ulijua huendi kupiga soga. Alikupokea kwa kutikisa kichwa, akakusimamisha mbele ya kioo kirefu chenye ufa pembeni, akachomoa pini kutoka kwenye kimto chake na kuzipanga midomoni, vichwa nje, kisha akaanza kazi. Kuanzia hapo alizungumza kwa vidole. Akikugusa bega, geuka. Akikunyanyua kiwiko, inua mkono. Akikupiga kofi dogo mgongoni, umejikunja, simama wima.

Mtaani tulimsifu kwa hilo. Tulisema huyu ndiye fundi, si kama wale wanaokupima kiuno huku wanakupima na maisha yako. Mteja wake mmoja wa siku nyingi, mwalimu mkuu mstaafu mwenye kitambi alichokionea haya, alizoea kutuambia kwamba kwa Mama Pini hata siri ya tumbo lako inabaki kwenye futi.

Hakuna aliyejua kwamba zile pini zilikuwa pazia. Fundi anayerekebisha kola au kubana kwapa la gauni husogea mpaka pumzi yake ikamgusa mtu shingoni. Pumzi ya Mama Pini ilinuka. Alilijua hilo kwa karibu umri wote wa binti yake, na kwa miaka hiyo yote alikuwa amejifunza kuishi kama mtu aliyebeba yai bovu mdomoni: asiliteme, asilimeze, asiongee sana likapasuka.

Ilianza kwa damu kwenye mswaki, baadaye kwenye mkate alioung'ata, halafu asubuhi kwenye foronya. Fizi zikavimba, zikawa na rangi ya nyama iliyolala. Ukizibonyeza zilitoa usaha. Meno yake mawili ya mbele, yaliyokuwa yamekaa bega kwa bega tangu utotoni, yakaanza kuachana kama ndugu waliogombea shamba.

Alikwenda kutibiwa. Hili nataka lieleweke, kwa sababu watu wa aina yake husemwa kwamba walizembea. Daktari wa kwanza alimfungua kinywa mbele ya wanafunzi wake, akageuza uso pembeni kidogo, akasema, "Mama, meno yanapigwa mswaki." Mwanafunzi mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Walimsafisha, wakampa dawa, akapona miezi michache, ikarudi. Akasafishwa tena, ikarudi tena. Baada ya hapo hakwenda. Kila fizi zilipochachamaa alinunua vidonge dukani, akameza mpaka maumivu yapoe, vilivyobaki akaviweka akiba kwa safari nyingine. Na alipiga mswaki. Alipiga asubuhi, mchana, jioni, kwa chumvi, kwa mkaa uliosagwa, kwa karafuu, mpaka nywele za mswaki zikalala pande zote kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Jinsi alivyozidi kusugua ndivyo fizi zilivyozidi kukimbia na meno yakarefuka.

Jino la kwanza kung'oka liling'olewa na uzi. Alikuwa anamalizia kifungo cha koti, akainama kukata uzi kwa meno kama mafundi wote wanavyofanya wakiwa wavivu wa kunyoosha mkono kuchukua mkasi. Uzi haukukatika. Jino ndilo lililotoka, bila maumivu, likabaki linaning'inia kwenye lile koti. Alilitazama kwa muda. Kisha akalifunga kwenye kipande cha bitana, akalitupa jikoni pamoja na vipande vingine alivyokuwa akiwashia moto. Yalifuata mengine, ya pembeni, na kila moja alilizika kwenye moto ule ule.

Mume wake alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno mengi, ambaye akiunganisha waya wa nyumba moja alirudi na habari za nyumba tatu. Kitandani Mama Pini alimgeuzia mgongo, uso ukutani. Mwanzoni yule bwana alitania kwamba ukuta una bahati. Baadaye aliacha kutania. Siku moja aliuliza kwa sauti ya chini kama amemkosea nini. Akajibiwa kwamba ni joto tu. Ulikuwa msimu wa baridi.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, na kicheko cha binti huyu kilikuwa kama kengele ya nyumba. Tulijua amerudi kazini kabla hatujamwona. Alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli, akivaa koti la buluu alilolishona mama yake mwenyewe, na kazi yake, kama alivyotueleza kwa kujisifu, ilikuwa kutabasamu na kutoa funguo, na funguo zilikuwa jambo la pili.

Jioni moja binti aliinama juu ya bega la mama yake kutazama mshono. Mama Pini akainusa. Ilikuwa hafifu, imefunikwa na peremende, lakini hakuna mtu duniani aliyeijua harufu ile kuliko yeye. Moyo wake ulimpiga. Na kwa sababu moyo ulimpiga, alisema jambo la kwanza lililokuja, nalo halikuwa lake.

"Wewe, hupigi mswaki?"

Binti alirudi nyuma hatua moja. Alisema anapiga, mama. Mama Pini akasema basi hapigi vizuri, msichana mzima, tena wa mapokezi, hana aibu. Aliyasema hayo akiwa ameinamia cherehani, hakumtazama. Sauti aliyoisikia ikitoka kinywani mwake ilikuwa ya yule daktari wa kwanza, na wanafunzi wake nyuma yake.

Wiki kadhaa zikapita. Kile kicheko kikapungua, tukadhani binti amekua. Halafu Jumamosi moja jirani alikuja kuazima pasi. Binti alisimama naye mlangoni, wakazungumza. Mama Pini alikuwa ndani anapiga pindo la pazia, akasikia maneno ya mwanawe yanatoka yamebanwa, mafupi, kama ya mtu anayeongea na kitu mdomoni. Akainua macho.

Binti alikuwa ameshika pini midomoni. Mkononi hakuwa na kitambaa. Hakuwa na futi, hakuwa na chaki. Hakuwa na kazi yoyote duniani inayotaka pini. Alikuwa amezichomoa kwenye kimto, akazipanga kama alivyomwona mama yake akizipanga tangu akiwa anatambaa, na jirani hakushangaa hata kidogo, kwani mtoto wa fundi na pini ni kitu kimoja. Cherehani ilisimama. Mama Pini alijiona mwenyewe mlangoni, kijana, akianza kujificha upya.

Jumatatu yake alifunga duka lake, kile chumba cha mbele cha nyumba, mchana, akaenda kwenye kliniki ya meno iliyofunguliwa karibu na soko. Hakumchukua binti. Alijiambia atatangulia yeye, aulizie. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, anayetumia mkono wa kushoto. Mama Pini alimwambia, huku amejiziba kwa kitambaa, kwamba amekuja kuulizia habari za mtu.

"Basi tumtazame huyo mtu," daktari alisema. "Keti hapa."

Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama kama za futi, akakitembeza taratibu kati ya fizi na jino, jino baada ya jino. Mama Pini alikitambua kitendo kile hata bila kuelezwa. Alikuwa anapimwa pindo. Fizi ni pindo la jino, na lake lilikuwa limefumuka, limeacha mfuko, na kile chuma kilizama humo kuliko alivyodhani kitu kinaweza kuzama ndani ya kinywa cha mtu.

Likaja lile swali la mswaki. Alijikaza kama mtu anayesubiri kofi, akajibu ukweli. Daktari akasema, "Naona. Tena unapiga kwa nguvu mno, umezikwangua fizi. Huu si uchafu wako, mama."

Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuona aibu hata kwa kuaminiwa. Machozi yalimtoka akiwa chali, yakaingia masikioni.

Daktari alimpiga sindano ya ganzi, akamweleza akiwa anaendelea na kazi, na mimi nayaeleza kama Mama Pini alivyokuja kuyaeleza baadaye. Bakteria wamo katika kinywa cha kila mtu, wengi ni wapangaji wasio na neno. Lakini wapo wachache wakorofi. Hao huingia chini ya fizi, kule mswaki usikofika, na hujijengea ute mzito unaowafunika kama paa. Ukimeza dawa, nyingi inapita juu ya paa. Wanakufa walio dhaifu, wanabaki wagumu, na wagumu ndio wanaozaana. Kila safari aliyomeza vidonge nusu alikuwa anawachuja, anawaachia nyumba walio sugu.

Akadhani hapo ndipo mwisho wa habari. Akauliza, kwa ulimi uliolala kwa ganzi, kama hao ndio waliokula meno yake.

"Hao wameanzisha tu," daktari alisema. "Mfupa ulioshika meno umeliwa na askari wako mwenyewe."

Mwili ukivamiwa, alieleza, hutuma chembe nyeupe za damu kupigana. Kwa watu wengi zinapigana, zinashinda au zinapatana, zinarudi kambini. Kwa wachache hazirudi. Zinafika kwa wingi, zinamwaga sumu yao hovyo, adui yuko chini ya paa lake salama, na kinachoteketea ni nyama na mfupa wa mwenye nyumba. Ni sawa na mtu aliyeona panya akaichoma moto nyumba. Kwa nini baadhi ya watu askari wao wako hivyo, sababu zote hazijulikani. Wengine wana sukari, wengine wanavuta sigara. Na wengine wanazaliwa hivyo, jambo linatembea ndani ya ukoo. Daktari akamuuliza kama wazazi wake walikuwa na meno.

Mama Pini alimkumbuka baba yake. Mtu aliyeheshimika kijiji kizima kwa kutosema. Kwenye mikutano alikaa na leso mdomoni, akatikisa kichwa, na watu wakasema ana hekima. Picha yake moja iliyobaki ilimwonyesha amefunga midomo kama mkoba. Kikulacho ki nguoni mwako, yeye fundi alikuwa ameutarizi msemo huo kwenye foronya na mashuka ya watu, na hakuwahi kufikiri kwamba nguo yenyewe ni ngozi.

"Na wale wakorofi," daktari aliendelea, "huwa wanahama mdomo kwa mdomo, ndani ya nyumba. Mara nyingi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Una watoto?"

Hapa ndipo pabaya. Alimwona binti yake akiwa mchanga, mdomo umefunguka kama wa kinda. Alijiona mwenyewe akitafuna chakula, akikilainisha, akimtolea mtoto kwa kidole, kama alivyotafuniwa yeye. Aliona vijiko walivyochangia na uzi waliolambishana ili upite kwenye tundu la sindano. Akatikisa kichwa. Hapana. Sina.

Daktari akasema basi afadhali. Angekuwapo, angemwambia amlete kesho asubuhi, kwani kwa kijana moto huo unaweza kuzimwa mapema, lakini mfupa uliokwisha kuliwa haurudi.

Alitoka pale ameshika taya kama mtu aliyepigwa. Alikuwa amemkana mtoto wake wa pekee mbele ya mtu wa kwanza aliyetaka kumwokoa. Na bado, alipofika nyumbani, hakusema. Alirudi kliniki kwa siri, akakwanguliwa chini ya fizi upande mmoja, kisha mwingine. Daktari alichukua usaha kidogo ukapimwe ijulikane ni dawa gani wale sugu bado wanaiogopa, akampa dawa na kumwapisha kwamba safari hii atazimaliza. Harufu ilianza kupungua. Yeye akawa anapona, na binti anaoza, ndani ya nyumba moja, na kilichosimama kati yao kilikuwa sentensi moja ambayo ulimi wake ulikataa kuibeba.

Iliendelea hivyo mpaka jioni ambayo binti aliingia, akavua lile koti la buluu, akaliweka juu ya meza ya kukatia. Alisema kwa utulivu kwamba amehamishwa kutoka mapokezi, amepelekwa nyuma, kwenye kuhesabu mashuka. Meneja amesema uso wake umekuwa mkali, wageni hawapendi. Koti linahitaji kubanwa, akasema, kule nyuma hawavai makoti mapana. Kana kwamba tatizo lilikuwa koti.

Mama Pini alimwambia waende kwa daktari wa meno.

"Nikaambiwe nini?" binti alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mdomoni. "Kwamba ni mchafu? Si umeshaniambia wewe."

Mama Pini alikuwa ameshazipanga pini, kwa mazoea, tayari kulibana koti. Alizitoa moja moja, akaziweka kiganjani. Akasogea chini ya taa. Akafungua kinywa chake chote, kama alivyokuwa hajamfungulia mtu yeyote asiye daktari tangu ujana wake, akavuta na mashavu kwa vidole ili mapengo yasibaki gizani.

Binti alitazama. Alisogea, akatazama tena, na uso wake ukabadilika polepole, kama wa mtu anayesoma jina lake mahali asipotarajia.

"Babu yako alikuwa hivi," Mama Pini alisema. "Mimi niko hivi. Maradhi haya umeyapata kwangu. Nilijua, nikakutukana."

Mumewe alikuwa amefika mlangoni, begi la nyaya begani, ile taa yake ya kichwani bado inawaka. Alikuwa amesikia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na habari ya kuleta. Aliingia, akainama, akammulika mkewe kinywani kama anavyomulika ndani ya sanduku la umeme, akatazama kwa makini kila kona. Kisha akaizima taa.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema.

Akaenda kukaa nje barazani.

Kesho yake Mama Pini aliingia kliniki na binti nyuma yake. Daktari aliwatazama wote wawili, taya zile zile, mkono ule ule mdomoni, akauliza huyu ni nani. Chumba kilikuwa na watu wanasubiri. Mama Pini alijibu kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba ni mwanangu, nilikudanganya. Daktari akamwambia binti, "Karibu, mwanangu, keti," akakichukua kile kijiti chenye alama.

Binti aliwahiwa, lakini si kwa kila kitu. Mfupa ulikuwa bado umeshika karibu mahali pote, isipokuwa kwenye jino moja la mbele, ambalo lilikuwa limebaki likisimama kwa desturi tu. Daktari alisema kama angeletewa miezi michache kabla, pengine lingekaa. Aliyasema bila kumlaumu mtu, akiandaa sindano. Mama Pini alihesabu kurudi nyuma bila kutaka: kutoka hapo mpaka siku ya kiti chake mwenyewe, mpaka siku ya pini mlangoni, mpaka jioni ya ule mshono na lile swali la mswaki. Jino hilo lilikuwa na bei, na alijua aliyeilipa na aliyekopa.

Siku hizi wanakwenda kliniki pamoja kila baada ya miezi mitatu, na wataendelea kwenda, maana moto wa namna hiyo hauzimiki moja kwa moja, unalindwa. Mume huingia nao na kumuuliza daktari maswali mpaka anatolewa nje. Binti amerudi mapokezi. Pale mbele amewekewa jino la bandia, nalo ni jeupe kuliko wenzake wote, na yeye humwambia kila anayeuliza kwamba hilo ndilo pekee lililoajiriwa, mengine yanasaidia tu. Anacheka anaposema hivyo. Sisi tunacheka.

Kimto cha pini sasa Mama Pini anakifunga kwenye kifundo cha mkono. Mwalimu mkuu mstaafu alipokwenda kubana suruali, alilalamika kwamba fundi siku hizi anauliza habari za mtu mpaka za tumbo lake. Na kweli anauliza. Lakini binti akiingia dukani jioni na kile kicheko chake, jino lile likawaka chini ya taa kabla ya mengine, utamwona Mama Pini akichomoa pini moja kutoka mkononi, akiiweka midomoni, na kuinamia kitambaa kisichohitaji kubanwa.